Pipa la Mama Karimi

Siku Ireri alipolikata pipa la maji, mkewe alikuwa kwenye kituo cha kununulia majani chai, amepanga foleni nyuma ya watu thelathini, akimwomba Mungu karani asiyakatae majani yake. Mungu alisikia, kilo zote zikapokelewa. Igoki akapanda kilima na kikapu kitupu na moyo mweupe, lakini alipofika langoni akasikia grainda ya kukatia chuma ikilia na akaona cheche zikiruka juu ya ua. Akajua furaha ya siku hiyo imeishia hapo.

Pipa lilikuwa limelala katikati ya kiwanja, limepasuliwa toka shingoni hadi miguuni. Fundi wa kuchomelea aliyetoka sokoni alikuwa akilitia bawaba. Ireri alikuwa amechuchumaa kando yake na simu mkononi, akitazama vidio ya Mzungu mmoja mwenye aproni aliyekuwa akilipigapiga jiko lake mgongoni kana kwamba ni ng'ombe aliyeshinda maonyesho.

"Baba Karimi, hilo ni pipa langu?"

"Lilikuwa," Ireri akajibu bila kuinua macho. "Sasa ni jiko la moshi."

"Na mvua ikinyesha nitakinga maji kwa jiko la moshi?"

"Mvua iko wapi, Mama Karimi? Si utazame juu."

Igoki akatazama juu. Kweli hapakuwa na wingu. Lakini mtu wa kijiji hiki cha Kibugu hajengi imani yake juu ya mbingu isiyo na wingu, maana mlima uko karibu na hubadili nia wakati wowote. Pipa lile alilinunua kwa bonasi yake ya chai miaka sita iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa akishuka mtoni mara tatu kwa siku, na magoti yake yalikuwa hayajasahau.

Ireri alikuwa mwalimu wa sayansi, na tangu astaafu hakuwa na wanafunzi wa kumzuia. Alikwisha kuunda mashine ya kuangua mayai, nayo ikayachemsha. Alikwisha kuunda mtego wa fuko, nao ukamnasa mbwa wa jirani. Safari hii, hata hivyo, alikuwa na sababu, na alipoieleza sauti yake ilishuka.

"Wageni wa Karimi wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Watu wa Kangeta, kule Meru. Hao wana pesa ya kuuza miraa, Mama Karimi. Nyama choma wamekula mpaka imewachosha. Tukiwapa mbuzi kama kila mtu, watarudi wakisema walienda kwa watu wa kawaida."

"Kwani sisi si watu wa kawaida?"

Ireri akafikiri kidogo. "Hilo si lazima walijue," akasema.

Igoki akaenda kutua kikapu chake. Alikuwa amekasirika, lakini alikuwa pia anaogopa jambo lile lile. Karimi alikuwa binti yao wa pekee, alimpenda kijana mmoja, na wazee wa huyo kijana ndio waliokuwa wanakuja kumtazama mama yake na sufuria zake.

*

Jiko lilimalizika kwa siku tatu, na kila siku Igoki alipoteza kitu. Bomba la bati lililokuwa likishusha maji kutoka kwenye paa liligeuzwa dohani, kwa sababu, Ireri alieleza, pipa halikuwepo tena na bomba la kulijazia lilikuwa halina kazi. Wavu wa kulazia nyama ulitoka kwenye banda la kuku, ukachomwa motoni mpaka ukawa mweusi, na tangu siku hiyo kuku wakawa wanalala walipotaka. Mkebe mkubwa wa rangi ulichomelewa ubavuni uwe nyumba ya moto. Moto huku, nyama kule, moshi katikati. Hiyo ndiyo ilikuwa sayansi yake. Joto alilipima kwa kuweka kiganja juu ya kifuniko na kuhesabu. Akifika nane bila kupiga kelele, lilikuwa sawa.

Jaribio la kwanza lilikuwa jogoo, na kuni zilikuwa za mkaratusi, kwa kuwa ndio mti uliokuwa ukimea nyuma ya choo. Jogoo alikaa ndani kwa muda wa saa nne akatoka na rangi ya dhahabu, mzuri wa kupigwa picha. Karimi alikuwa amekuja kutoka Meru mjini, alikokuwa akifundisha chekechea. Alitafuna kipande kimoja, akameza kwa heshima.

"Baba," akauliza, "hii kuku imepakwa dawa ya kifua?"

Igoki alionja akahisi pua zikifunguka zote mbili kwa mara moja. Mbwa wa jirani, yule wa mtego, alipewa paja akalinusa na kuliacha.

Kithaka alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akiangalia haya yote. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Ireri, na kwa miaka arobaini hakuna mbuzi wa ukoo aliyechomwa na mkono mwingine. Arusi zote na mazishi yote yalikuwa yamepitia kwenye kisu chake. Sasa alikuwa amewekwa kando na pipa.

"Nyama inafungiwa ndani kwani imeiba?" akauliza. "Mgeni asipoiona ikidondosha mafuta, atajuaje mbavu zilikuwa ngapi? Watasema tumekula nusu tukafunga mlango."

"Baba Wawira, hiyo ni teknolojia," Ireri akamjibu kaka yake.

"Ni mtungi wa kupikia pombe ya chang'aa ule. Chifu akipita hapa, atakushika."

Uvumilivu wa Ireri ulikuwa umeisha pamoja na jogoo. "Nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usiseme neno lolote juu ya hili pipa mpaka wageni waende."

"Neno lolote?"

"Lolote."

Kithaka akasimama, akaivaa kofia yake polepole. "Sawa. Umesema mbele ya mke wako," akasema, akaondoka na kigoda chake.

*

Shida ikabaki kuni. Msitu ulikuwa pale pale mbele ya macho, umejaa miti yenye harufu nzuri, lakini askari wa msitu nao walikuwa na macho. Ireri akampigia simu Mwirigi, yule mkwe mtarajiwa, kijana mpole aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme Meru mjini.

"Usijali, Baba," Mwirigi akasema. "Nyumbani Kangeta kuna mzeituni wa porini. Nitakupatia."

Siku ya Jumatano akapiga tena. Igoki aliyasikia yote, maana mumewe hakuwahi kuamini kwamba simu inasikia bila kupigiwa kelele.

"Baba, mzigo utatumwa Ijumaa. Wazee wamesema uwatangulie kufika. Utaupokea?"

"Nitaupokea kwa mikono miwili!"

"Ai, Baba! Wazee watafurahi sana."

Ireri akakata simu akiwa ameguswa. "Unaona watu wenye adabu? Kwao hata kuni ni mambo ya wazee."

Mzigo ukafika Ijumaa juu ya bodaboda, umekumbatiwa kama mgonjwa. Ulikuwa umefungwa kwa majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba za mgomba, fundo juu ya fundo, kwa ustadi wa mtu anayejua atachunguzwa. Ireri akazikata zile kamba kwa panga. Ndani mlikuwa na vijiti vyembamba vyekundu, virefu sawasawa, vimelazwa vikitazama upande mmoja, majani yote yamepukutishwa isipokuwa machache machanga kwenye ncha.

Mtu mwingine angevitambua palepale. Lakini huku Embu mtafunaji hutafuna majani. Muguka, ndiyo miraa ya huku, huuzwa majani matupu, na kijiti hutupwa. Na nyumba hii ilikuwa ya watu wa kanisa, ambamo hata hayo majani hayakuwahi kuvuka kizingiti. Mume na mke walivitazama vile vijiti vilivyovuliwa majani, wakaona kuni.

"Watu safi," Igoki akasema akikinusa kimoja. "Hata kuni wanazifunga kama mtoto mchanga."

*

Jumamosi moto uliwashwa kabla ya jua. Mbuzi wawili waliingia pipani, kifuniko kikafungwa, Ireri akaanza kulisha kile kijumba cha moto vijiti vinne vinne. Moshi mwembamba wa buluu ulipanda kwenye dohani, una harufu tamu yenye uchungu kidogo ambayo Igoki hakuijua, lakini aliipenda. Kwa mara ya kwanza alifikiri huenda mumewe si mjinga.

Kithaka alifika saa mbili, kimya. Alisimama nyuma ya Ireri akamtazama akitia vijiti. Akafungua mdomo. Ireri, bila kugeuka, akainua kidole kimoja. Kithaka akaufunga mdomo. Akainama, akachukua fungu dogo la vile vijiti, akaenda zake pembeni ya ua kuwasha moto wake mwenyewe na kuchoma mutura wake, utumbo wa mbuzi uliojazwa nyama na damu, mahali ambapo kila mtu angeuona. Igoki alidhani amechukua vya kuwashia.

Wageni walifika saa sita kwa magari mawili. Walikuwa wazee saba na kina mama wanne, na msemaji wao alikuwa Mzee Naftaly, baba mdogo wa Mwirigi, mrefu, mwenye koti zito na bakora. Alipotoka garini alisimama akainua pua.

"Kuna harufu hapa ninaijua," akasema.

Ireri alivimba kifua. "Ni ya kwenu, mzee! Ni ya kwenu kabisa!"

Wazee wakaangaliana, wakaingia kwenye hema lililosimamishwa uani. Nyuma yao Mwirigi akafungua buti, akatoa gunia lililosimama kwa ugumu, akamwendea Igoki akitabasamu.

"Mama, hizi ndizo kuni za Baba. Samahani nimechelewa nazo."

Igoki akalitazama gunia. Ndani mlikuwa na magogo ya mzeituni, mazito, yamekatwa vizuri.

"Na ule mzigo wa jana ulikuwa wa nini?"

"Ule wa wazee? Si ni miraa, Mama." Mwirigi akacheka, akidhani anataniwa. "Kwetu ndio barua ya posa. Baba wa msichana anauweka vile ulivyokuja, hafungui. Wazee wakifika, anaufungua mbele yao, wanaume wanagawana. Akifungua hivyo, amekubali. Kama hataki, anaurudisha na kamba zake."

"Na kama... umepata ajali?"

"Hauwezi kupata ajali, Mama. Kuna boma moja uliachwa nje ukanyeshewa, umenyeshewa tu, na Mzee Naftaly aliondoka bila kunywa hata maji. Huyo msichana aliolewa na mtu mwingine." Akatazama huku na huku. "Kwani mmeuweka wapi? Wataanza kuuliza."

"Uko mahali," Igoki akasema. Akatembea kuelekea pipani taratibu, kwa sababu mama wa msichana hakimbii mbele ya wakwe, ijapokuwa kila mfupa mwilini mwake ulikuwa unakimbia.

Ireri alikuwa anahesabu kwenye kifuniko. Alifika tano mkewe alipomaliza kumnong'oneza, na mkono wake ukabaki pale pale mpaka kumi na mbili ndipo akauondoa na kuutia kwapani.

"Vimebaki vingapi?" Igoki akauliza.

"Hakuna. Vilikuwa vinatoa moshi mzuri sana," Ireri akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Kutoka pembeni ya ua Kithaka akageuza mutura wake. "Mimi nilijua ni miraa," akasema kwa upole.

"Na hukusema?"

"Neno lolote, aliniambia. Mbele yako."

*

Igoki alifanya alichoweza. Alipeleka chai. Alipeleka uji. Alipeleka nduma, halafu viazi, halafu chai tena kwa wale waliosema wametosheka. Ireri naye alisimama akaomba dua iliyoanzia uumbaji, ikapitia Misri, ikakaa jangwani muda mrefu. Karimi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na leso yake mpya mabegani. Mama yake alikuwa amekwisha kumweleza, na macho ya binti yalikuwa mekundu, wala si kwa moshi.

Mzee Naftaly akaigonga bakora chini.

"Tumekunywa," akasema. "Tumekula. Tumeombewa mpaka mbuzi wetu waliobaki Kangeta wamebarikiwa. Sasa tunauliza mzigo wetu."

"Mzigo," Ireri akasema, "uko mahali pazuri, mzee."

"Wapi?"

"Mahali... pakavu. Pana joto."

"Basi uletwe."

"Utaletwa. Unajua, kisayansi, kitu kikishabadilika hali—"

Igoki alikuwa nyuma ya hema, walipokaa wanawake. Kwa miaka thelathini alimwona mume huyu akiwachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, na sasa alikuwa anausema yeye, tena vibaya. Alimwonea aibu, akamwonea huruma, na huruma ikazidi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kilichobaki ni mtu kusema nani ameyamwaga. Akapita katikati ya viti vya wazee, mahali ambapo mwanamke hakupaswa kupita bila birika mkononi.

"Mzee, mzigo wenu umo ndani ya pipa," akasema. "Tulidhani ni kuni. Mume wangu aliomba kuni kwa Mwirigi, mzigo ukafika, tukaufungua tukauchoma. Mimi pia nilikuwepo. Sisi hatujui miraa, na hatukuwa na nia mbaya. Hiyo harufu mnayoisikia tangu mfike, ndiyo hiyo."

Mzee mmoja akachukua kofia yake kutoka gotini na kuitia kichwani. Wa pili akaanza kutafuta bakora yake chini ya kiti. Mwirigi alisimama kando ya gari, amelikumbatia gunia lake la kuni, akionekana kama mtu aliyesahau jina lake.

Mzee Naftaly akainuka. Hakwenda kwenye gari. Alikwenda kwenye pipa, akakishika kifuniko.

"Ukifungua joto litatoka!" Ireri akapiga kelele, halafu akajiziba mdomo.

Mzee akafungua. Moshi ukamfunika mpaka kiunoni, na ulipotawanyika alikuwa ameshika ubavu mmoja. Akaukata kwa kisu chake, akautazama ndani.

"Ni nyekundu. Hii ni mbichi."

"Si mbichi, mzee, ni moshi! Moshi huipa nyama rangi hiyo, ni sayansi, shika mfupa uone!"

Mzee akashika mfupa, ukachomoka mkononi mwake peke yake, mweupe. Akautazama. Akaweka nyama mdomoni na kutafuna, na watu wote wa Kangeta na wa Kibugu wakatafuna naye bila kitu mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu sana.

Wakati huo Kithaka alikuja kutoka pembeni ya ua, amebeba kitu kwa mikono miwili. Lilikuwa ni lile fungu la vijiti, amelifunga upya kwa kamba yake ya mgomba.

"Hivi viliokoka," akasema. "Nilikatazwa kusema. Kuokota sikukatazwa."

Mzee Naftaly akavipokea, akavipima kwa mkono. "Hivi ni vya mzee mmoja," akasema.

"Wewe ndiwe mzee mmoja," Kithaka akajibu.

Mtu mmoja akacheka huko hemani, kisha wa pili. Aliyevaa kofia akaivua. Lakini Mzee Naftaly hakucheka. Alikuwa bado na jambo.

"Nimeona mzigo ukikataliwa," akasema. "Nimeona mzigo ukiliwa na ng'ombe. Sijawahi kuona baba wa msichana akiutia kwenye nyama. Sasa sikilizeni. Mzigo ni wa wanaume, na kila anayeuonja amekubali. Lakini nyama ni ya nani? Ni ya kila mtu. Huyu mwalimu ameharibu desturi, basi desturi imetoka nje kama hilo joto lake, na lazima kila mtu aulizwe."

Akakata kipande kingine. Ireri akanyoosha mkono wake wenye lengelenge. Mzee akampita, akasimama mbele ya Igoki.

"Mama wa msichana. Unakubali?"

Igoki akakitazama kile kipande. Katika wiki zile mbili aliulizwa kama sukari inatosha, kama viti vimehesabiwa, kama ana sufuria kubwa. Hilo hakuulizwa na mtu. Siku yake mwenyewe ya kuposwa, mama yake alikuwa nyuma ya ghala anasonga chakula, akajua kwamba bintiye amekwenda aliposikia wanaume wakipiga makofi. Akamtazama Karimi pale mlangoni. Karimi akainua macho, akaitikia kwa kichwa kidogo sana, ndiyo, Mama. Akamtazama Mwirigi na gunia lake. Kijana aliyelibeba gunia zito muda wote huo bila kukumbuka kulitua, akafikiri, huenda akadumu.

Akala. Ilikuwa laini, ina mafuta, ina ule uchungu mdogo mwishoni unaofanya mtu atake tena.

"Nakubali," akasema.

Makofi yakalipuka, na kina mama wakapiga vigelegele wakikimbilia nyama. Kithaka alikuwa na ubavu wa tatu mkononi alipomsogelea mdogo wake.

"Sasa naweza kusema?"

"Sema," Ireri akasema akijiandaa.

"Ulisahau chumvi."

Baada ya kula, karatasi ikatolewa na mambo ya mahari yakaandikwa moja baada ya jingine, bila ugomvi, maana ni vigumu kugombana na mtu huku unalamba vidole vya nyama yake. Wakafika kwenye fungu la mama.

"La mama ni blanketi na leso, kama kawaida," akasema mwandishi.

"Blanketi ninalo," Igoki akasema. Alikuwa amepewa kiti katikati ya wazee na hakuna aliyekumbuka kumwondoa. "Niandikieni pipa. La maji. Zima."

Ireri alianza kukohoa. Mzee Naftaly akalitazama lile jiko lililokuwa likitoa moshi wake wa mwisho, akawatazama wenzake sita wakiguguna mifupa.

"Andika mapipa mawili," akasema. "Moja la mama. La pili mwalimu atalikata, liende Kangeta."

Tone la kwanza la mvua likalia juu ya kifuniko, halafu la pili, halafu mlima ukafungua yote kwa pamoja. Maji yakaanza kumwagika kutoka kwenye paa pale ambapo zamani palikuwa na bomba, na chini ya bomba pipa. Ireri akaruka, akanyakua beseni, sufuria, na hata kikapu cha majani chai, akakimbia huku na huku chini ya mchirizi, miwani imelowa. "Mama Karimi! Leta ndoo!"

Igoki hakuinuka. Alikuwa anakula.